Fundi Gaspari atafuta watu wa kumsindikiza ukweni bila chungu

Asubuhi ya Jumapili napepeta maharage mlangoni, hapa Rulenge, nasikia mtu anagombana na kufuli la darasa ng'ambo ya barabara. Anatikisa, anasukuma, anapiga mlango teke. Ni fundi Gaspari wa Mbuba, anayeezeka nyumba za nyasi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Si hapa wanapokutana wale walioacha pombe?"

Walikuwa hapa. Ila tangu vita ianze, darasa limejaa magunia ya mahindi ya wanajeshi, na ufunguo anao mwenyekiti wa kijiji.

Gaspari anakaa chini, anavua viatu vyake vya matairi, anakung'uta vumbi kwa hasira. "Jumapili ile nyingine niliambiwa nyumbani kwa Emilian, fundi baiskeli. Iliyopita, ofisi ya kijiji. Leo darasani. Hawa watu wameacha pombe au wameiba ng'ombe?"

Anamuuliza mama mmoja anayetoka misa. Mama anacheka mpaka anashika kiuno. "Mkutano wa walevi? Baba, pita kilabuni. Wako mkutanoni tangu jana!"

Gaspari hacheki. Mkewe, Koleta, amerudi kwao Mugoma na watoto tangu mavuno ya mtama. Hakupigwa. Alichoka tu kumvuta mume kutoka migombani kila usiku.

Ulevi wake ulikua pamoja na kazi. Mwaka 1974, watu walipohamishiwa kijijini, kila mtu alitaka paa kwa wakati mmoja. Bei yake ilikuwa shilingi ishirini na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Shilingi zilichelewa. Kibuyu hakikuchelewa hata siku moja.

"Unamaliza paa, unashuka ngazi, mrija wa kibuyu uko mdomoni hata mikono hujanawa," anasema. "Ukikataa, mwenye nyumba anauliza: kwani umeniwekea dawa gani huko juu?"

Sasa ameacha, tangu Krismasi, ukitoa siku moja. Lakini kumrudisha mke kuna utaratibu wake. Mume anakwenda ukweni na chungu cha rubisi. Baba mkwe anavuta kwanza, halafu anampa mkwewe mrija. Asipovuta, hajaomba msamaha.

Gaspari alijaribu mwezi wa kwanza. Alipanga kugusa mrija kwa midomo tu.

"Nilikwenda kuomba msamaha wa ulevi, nikalewa pale pale! Asubuhi nimelala kwenye migomba ya baba mkwe, Koleta ananiruka na mtungi wa maji. Bora angenimwagia."

Ndiyo maana anawatafuta hawa watu. Anataka wenzake wawili watatu waende naye, wamzuie mkono, na waseme mbele ya baba mkwe, mzee Ndayisaba, kwamba mkwe wake hanywi tena.

Najua walipo, kwa sababu nimewaona wakiingia. Nampeleka nyuma ya nyumba ya Emilian, mpaka ndani ya zizi la ng'ombe. Wanaume wamechuchumaa kwenye samadi.

"Mbona huku, Emilian?" Gaspari anafoka.

"Tukae wapi? Wanaume wakionekana wamekusanyika, kijiji kizima kinajua pombe imeiva. Wanakuja na mirija!"

Hajamaliza, mzee mmoja anachungulia mlangoni, mrija kwapani. "Hodi. Imeiva?"

"Hakuna pombe hapa, mzee. Tumeacha."

"Watu wote hawa mmekaa kavu?" Mzee anatazama huku na huku, anacheka. "Haya, nitasubiri." Anakaa. Mpaka mkutano unakwisha, bado amekaa.

Gaspari anasema shida yake. Zizi zima linatazama chini.

"Kwa Ndayisaba mikono mitupu?" anauliza Emilian. "Atatufungulia mbwa."

"Sasa nyie mnakutana kufanya nini?" Gaspari anapaza sauti, ng'ombe anashtuka. "Kila mtu ananiambia acha. Nimeacha! Sasa wananiambia kanywe kidogo tu kwa heshima. Hakuna kidogo kwangu!"

Emilian anasimama, anafuta samadi kwenye suruali. "Nitakwenda. Mbwa waanze na wewe."

Jioni ile Gaspari anampata Celestini, mgambo anayekwenda Mugoma kwa baiskeli, anampa ujumbe wa mdomo: "Mwambie baba mkwe nitakuja Jumapili na Emilian. Chungu sina. Jiko lake linavuja, nitaliezeka bure, na kila masika nitarudi kulitengeneza. Aseme kama nije. Na Koleta asikie."

Wiki nzima Gaspari yuko hapa Rulenge, anaezeka jiko la mwalimu. Alhamisi Celestini anarudi. Gaspari anateremka ngazi mbio.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia yote."

"Akasemaje?"

"Alitazama nyuma ya baiskeli kama nimebeba kitu. Halafu akaingia ndani."

"Na Koleta?"

"Alikuwa jikoni. Alisikia. Hakutoka."

Leo ni Jumamosi. Gaspari amekata nyasi bondeni, amefunga mizigo, ameiegemeza kwenye ukuta wa Emilian. Kila anayetoka upande wa Mugoma anamsimamisha, anamuuliza kama ametumwa kitu. Mpaka jua linazama, hakuna aliyetumwa.