Katuni Niliyosimulia Dirishani

Juzi nilikuwa kwenye basi natoka Igunga kwenda Tabora, kwenye harusi ya binamu yangu. Kijana aliyekaa pembeni yangu akatoa simu, akaiegemeza kwenye kiti cha mbele, akaanza kutazama katuni ya Kijapani. Sikutaka kuchungulia, ila unajua safari ndefu ilivyo, macho yanatafuta pa kukaa. Nikaona watu wamelala, wamevaa kofia ngumu zenye nyaya. Mara wako jangwani, mbele ya ukuta mrefu wa mawe, na lango linajifunga nyuma yao. Nikajua ni ipi. Nikajua pia kwamba baada ya muda mfupi atatokea msichana mwembamba mwenye upinde mgongoni, atatembea nyuma ya wenzake wote bila kusema neno.

Nikageuzia uso mashamba ya mpunga. Masikio yalikuwa yanawaka. Mwalimu mzima, mama wa mtoto mmoja, naona aibu kwa ajili ya katuni! Lakini ngoja nikueleze, halafu utasema mwenyewe.

Nililelewa na bibi mzaa mama, pale Ng'ambo, mjini Tabora, kwenye nyumba ya matofali ya udongo yenye ua mpana. Mwaka ninaousema nilikuwa darasa la sita. Ulikuwa msimu wa viazi vitamu, na ua wote ulikuwa mweupe kwa michembe. Bibi alikuwa akikaa kwenye kigoda, kisu mkononi, anakata viazi vipande vyembamba, na mimi navianika viwe michembe, juu ya mikeka na juu ya bati la banda. Vingine alivichemsha kwenye sufuria kubwa kisha tukavianika vikawa matobolwa. Mpaka leo nikisikia harufu ya kiazi kinachokauka juani, mate yananijaa. Kazi yangu nyingine ilikuwa kufukuza kuku, na nyingine, ile niliyoipenda, ilikuwa kumpelekea mjomba chakula cha mchana.

Mjomba alikuwa na kibanda karibu na soko, akiingizia watu nyimbo na filamu kwenye simu zao. Humo ndani palikuwa na kompyuta moja, feni moja, na joto la kukaanga karanga. Mwanafunzi mmoja wa chuo alikuwa amemwachia katuni hiyo, na mjomba aliniruhusu kutazama sehemu moja kila siku wakati yeye anakula. Moja tu. Maneno ya Kiingereza yalipita chini ya kioo mbiombio. Mengine nikiyadaka mwenyewe, mengine mjomba akinitafsiria huku mdomo umejaa ugali.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Watu wameingia kwenye mchezo wa kompyuta kwa kuvaa zile kofia, na mchezo umewafungia ndani. Kutoka ni mpaka wavuke malango kumi na mawili. Anayekufa kule mchezoni, na huku duniani anakufa. Miili yao imelazwa hospitali, wauguzi wanaigeuza ubavu huu na ule, wakati wao wenyewe wako jangwani wanakimbia.

Nikirudi nyumbani nilikuwa na mtu wa kumsimulia. Nyumba ya pili, dirisha la chumba chake lilitazama ua wetu. Alikuwa binti wa umri wangu na wa darasa langu, lakini kitandani alikaa siku nyingi kuliko darasani. Alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu. Mtaani hatukulijua neno hilo. Tulisema tu ana maumivu ya mifupa. Siku zake mbaya ulimsikia akilia mpaka barabarani. Siku zake nzuri alijiegemeza kwenye mto, akashika nondo za dirisha, akanisubiri. Mimi nilikuwa nageuza kinu cha bibi, nakikalia hapo nje, naanza.

Siku ya kwanza nilipofika kwenye habari ya miili iliyolazwa hospitali, akanikatisha.

"Kwa hiyo wamelala, lakini wanakimbia?"

"Ndiyo."

"Kumbe inawezekana," akasema, akatazama miguu yake.

Akamchagua yule msichana wa upinde. Sijui kwa nini yeye, maana hakuwa mtu mkubwa kwenye hadithi. Labda kwa sababu alitembea nyuma. Tangu hapo hakuuliza tena katuni imefikia wapi. Nilikuwa nikikaa tu, ananiuliza, "Leo nimefanya nini?" Nami namwambia: leo umepanda mlima, leo umemtungua ndege wa chuma, leo umelala njaa. Alifurahi hata kwa kulala njaa.

Mwalimu wa historia alikuwa ametufundisha njia ya misafara, namna wapagazi walivyotoka Bagamoyo wakapita hapa kwetu kwenda Ujiji. Basi mwenzangu akachukua kalenda ya zamani, akaigeuza nyuma, akachora ramani ya mchezo. Lango la kwanza akaliweka Bagamoyo, la mwisho Ujiji kwenye ziwa, na la saba Tabora. Kila nilipomsimulia aliongeza kitu: kisima, moto, kaburi. Bibi alikuwa akitusikia akatikisa kichwa. "Nyie watoto mna kazi," akasema, kisha akampitishia matobolwa yale laini kabisa, yale ambayo mimi nilikatazwa kuyagusa mpaka yakauke sawasawa.

Nadhani wivu ulianzia hapo, kwenye matobolwa, ingawa ulikuja kuiva shuleni. Mwalimu wa Kiswahili alitupa insha ya safari. Mwenzangu siku hiyo alikuwa mzima, akaja, akaandika. Wiki iliyofuata mwalimu akasimama mbele na karatasi mbili. Akasoma moja mpaka mwisho, taratibu. Ilikuwa habari ya msafara uliofungiwa njiani, na ya mpagazi msichana anayetembea nyuma kwa sababu miguu inamuuma, naye ndiye anayeona hatari kabla ya wote. Watu wakapiga makofi. Mwenyewe hakuwepo kuyasikia. Maumivu yalikuwa yamemrudia tangu jana yake. Kisha mwalimu akainua karatasi ya pili. "Na hii," akasema, "imeandikwa kama orodha ya vitu vya sokoni." Ilikuwa yangu. Hakunitaja, lakini aliniletea mkononi, na darasa likaona.

Nilirudi njia nzima nikisema peke yangu kwamba ameniibia. Mimi ndiye niliyetazama, mimi ndiye niliyesimulia, yeye kalala tu kapokea makofi. Nikapeleka chakula kwa mjomba, nikatazama sehemu yangu. Msichana wa upinde alikuwa mzima, alikuwa anawasha moto. Nikarudi, nikageuza kinu, nikakaa.

Alikuwa amechoka siku hiyo, midomo imekauka. Hata hivyo akacheka aliponiona.

"Leo nimefanya nini?"

"Umekufa."

Nilidhani atabisha. Nilitaka abishe, tugombane.

"Nimekufaje?"

Hapo, rafiki yangu, ningeweza kusema nakutania. Badala yake nikasimulia, na nilisimulia vizuri kuliko siku zote. Nikasema lango la saba lilikuwa zito, wenzake walipita, wakamwacha nyuma kwa kuwa alikuwa anawachelewesha. Nikasema hakuna aliyegeuka kumtazama.

"Na mwili wangu kule hospitali?"

"Wamezima mashine."

Akachukua ile kalenda, akaikunja mara moja, akaikunja tena, akaiweka chini ya mto. Akageukia ukutani. Bibi alikuwa nyuma yangu na ungo wa viazi. "Umemwambia nini mwenzako?" akauliza. Nikajibu, "Katuni tu, bibi."

Siku ya pili hali yake ilibadilika. Macho yalikuwa ya njano, homa kali, na alikuwa halii tena, jambo lililowatisha watu kuliko kilio. Ikaamuliwa apelekwe hospitali kubwa ya Mwanza. Asubuhi gari likaja, majirani wakajaa uani, na mjomba wangu ndiye aliyeingia ndani kumbeba. Mama yake akaniita kwa sauti, "Njoo umuage mwenzako!" Akaita mara ya pili. Nilikuwa nyuma ya banda, nimechuchumaa kati ya kuni na ukuta, mikono masikioni. Niliamini nimemuua kwa mdomo wangu. Na hata kwa imani hiyo nilishindwa kutembea hatua ishirini nikamwambie kwamba nimesema uongo. Nilibaki pale mpaka mlio wa gari ukapotea.

Alikaa huko miezi mitatu. Nami nikaacha katuni. Mjomba akashangaa, nikamwambia inanichosha.

Akarudi, amekonda, amenyolewa, lakini mzima. Bibi akanituma na bakuli la karanga. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno, nimeyapanga tangu siku ile ya gari. Nikamkuta amekaa kitandani. Tukaulizana hali kama watu wazima. Akala karanga kidogo. Akanitazama sana, akasema, "Huna jambo la kuniambia?"

"Hamna," nikasema.

"Haya."

Nikaona nimepona. Nikajiambia amesahau, mambo ya katuni ni ya kitoto, ya nini kuyafufua. Tuliendelea kusalimiana pale dirishani, lakini hakuniomba tena hadithi. Mwezi mmoja baadaye baba yake akahamishiwa Usoke, kazi za reli, wakapakia vitanda wakaondoka. Sikumwona tena.

Basi, juzi nimefika Tabora. Nikapita kwanza mtaani kwetu. Nyumba ya bibi iliuzwa alipofariki. Sasa kuna ukuta wa tofali za saruji na geti jeusi. Kibanda cha mjomba kimekuwa cha wakala wa pesa. Sikuona mkeka hata mmoja wa michembe, watoto wanakula biskuti. Nikaenda harusini, nikaketi na akina mama tukichambua mchele wa pilau, na mama mmoja aliyekuwa mbele yangu akainua uso. Alikuwa mama wa mwenzangu wa dirishani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Ni wewe?" Akaniita jina langu, akawageukia wenzake. "Huyu ndiye aliyekuwa anashinda na mwanangu dirishani kila siku. Huyu ndiye aliyemtunza kwa maneno, dawa zilipokuwa hazipatikani."

Akina mama wakanisifu. Nikainama juu ya sinia, natafuta mawe ambayo hayakuwepo. Akaniambia mwenzangu yuko Usoke bado, ni fundi cherehani, maumivu yanamjia mara mojamoja ila anajua kujitunza. Akanipa namba.

Nilipiga mchana ule ule, nimesimama nyuma ya turubai. Nikasikia cherehani, kisha ikasimama.

"Umepotea wewe!" akasema nilipojitaja. Tukaulizana watoto, tukaulizana wazee. Halafu nikasema, haraka kabla sijakimbia tena: "Yule msichana wa upinde hakufa. Nilikudanganya. Ilikuwa ni wivu wa ile insha."

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Mjomba wako aliniambia siku ile ile, aliponibeba. Nilimuuliza walinizika wapi. Akacheka, akasema mbona yule wa upinde yupo mpaka mwisho."

"Sasa mbona uliporudi hukusema?"

"Nilikuuliza. Ukasema hamna." Sauti yake haikuwa na hasira, aliongea kama mtu anayetaja vipimo vya gauni. "Nilikungoja, lakini. Mpaka tunahama nilikuwa nakungoja."

"Nisamehe."

"Haya," akasema. Unaijua hiyo 'haya' ya kwetu, inaweza kubeba lolote. "Mteja wangu amefika. Tutaongea."

Cherehani ikaanza tena kabla simu haijakatika. Nimeshika simu pale, ngoma za harusi zinapigwa, na ndipo nikaelewa nilichokipoteza. Yule aliyekuwa ananingoja alikuwa na miaka kumi na miwili, ana kipara cha hospitali na bakuli la karanga mapajani. Huyo hayupo tena, si Usoke wala kwingine. Niliyemwomba radhi ni mwanamke mwenye wateja wake, ambaye alishaacha kungoja zamani.