Nilimfundisha Popi Kula kwa Mkono Wangu Tu

Nimekosa, ndugu zangu wasomaji. Mbwa wangu alikufa kwa kunitii, na makosa ni yangu mwenyewe. Nimekaa na jambo hili kifuani hadi limenikondesha, basi wacha niliseme lote.

Kabla ya Uhuru niliajiriwa kwenye shamba la ngano la mzungu mmoja huko Timau. Kazi yangu ilikuwa mbwa. Niliwafundisha kuketi, kulala chini, kungoja na kuja wakiitwa. Shamba lilipouzwa nilirudi kwetu Othaya, kwenye kahawa yangu kidogo. Mke wangu alikuwa amekufa, na mtoto hatukujaliwa. Unarudi nyumbani, na hakuna hata wa kukuuliza umechelewa wapi!

Ndipo nikapata Popi, kambwa kadogo, sikio moja limesimama na lingine limelala. Nilimfundisha kwa Kiswahili. Huku kwetu mbwa huambiwa mambo kwa Kiswahili, hata na bibi kizee ambaye neno analojua ni "toka" tu. Kwa wiki mbili alikuwa ameshika "keti" na "kuja". Nilizungumza naye kuliko nilivyozungumza na watu. Sioni haya kusema, nilimpenda sana.

Shida ni kwamba Popi alimpenda pia jirani yangu. Nitamwita Mama Wambui, mjane wa ng'ambo ya ua. Akianza kupika tu, Popi anapenya uani, anaenda kuketi mlangoni kwake. Namwita mpaka koo linanikauka. Anarudi ananuka irio!

"Mbwa yako inakuja kunisalimia, Mzee," Mama Wambui alikuwa akicheka. "Si na wewe ukuje? Chakula inabaki bure."

Sikwenda hata siku moja. Nilishikwa na wivu. Wivu wa mbwa, mtu mzima kama mimi!

Sasa sikilizeni. Kule Timau wezi walikuwa wakiwatupia mbwa nyama yenye sumu, kwa hivyo tuliwafundisha kukataa chakula cha watu. Mtu anamnyooshea mbwa nyama, mbwa akisogea anachapwa. Mara kumi, mara ishirini, anajua. Lakini kila mbwa alizoezwa kula kwa mikono miwili, wangu na wa mpishi, ili mmoja wetu asipokuwepo mwingine amlishe. Hilo halikuwa la kuchezewa.

Nikamwomba Mama Wambui anisaidie, nikimwambia ni kwa sababu ya wezi. Yeye akashika nyama, mimi nikashika ufito. Popi akamwendea akitingisha mkia. Nilimchapa hadi akajikojolea.

"Wacha, Mzee! Hiyo bado ni mtoto!"

Sikuacha. Wiki ilipokwisha, Popi hakugusa hata mfupa uliotoka kwa yule mama. Mkono wa pili sikumfundisha. Msiseme nilisahau! Niliuacha makusudi, ili awe wangu peke yangu.

Mwaka uliofuata, wakati wa kuchuma kahawa, niliteleza mteremkoni na gunia mgongoni, mguu ukavunjika. Nikalazwa hospitali. Siku ya nne Mama Wambui akaja kuniona, amenibebea uji.

"Popi inakataa kukula," akaniambia. "Naweka chakula, ati inaangalia tu, mate inatoka."

Hapo ndipo ningesema! Ningemwambia amlete Popi hadi lango la hospitali, nimlishe kwa mkono wa huyu mama nikiwa nimeushika, mbwa ajue ameruhusiwa. Lakini angeniuliza kwa nini sikufanya hivyo tangu mwanzo. Nikaona aibu.

"Atakula akisikia njaa," nikasema, nikageukia ukuta.

Alikuja tena baada ya siku chache, uso umemshuka, akaniambia yale yale. Nami nikamjibu vile vile. Jamani, roho yangu!

Nilirudi nyumbani na magongo. Mama Wambui alikuwa amekwisha kumzika Popi kando ya kahawa. Alinieleza alivyochemsha mifupa, alivyoleta maziwa. Mwishowe alivaa koti langu kuukuu, akachuchumaa na ugali mkononi.

"Ilifurahi, Mzee. Ikakuja, ikanusa mkono yangu. Halafu ikalala chini ikafunga macho, kama mtu anangoja kuchapwa." Akaanza kulia. "Unisamehe. Ni mimi sikujua kuilisha."

Na mimi nikamjibu nini? Nikamwambia, "Basi, nimekusamehe."

Mungu wangu! Mimi ndiye niliyemsamehe yeye!

Tangu siku hiyo hanitanii tena. Akiniona uani anainamisha kichwa na kupita haraka, kama mtu aliyeiba. Hajanikaribisha tena chakula. Naketi na sufuria yangu ya viazi, nasikia vijiko vikigonga kwake, na hakuna hata mbwa wa kunikalia miguuni.

Ninyi mnaolea watoto wa mbwa, wafundisheni kuketi, wafundisheni kungoja. Lakini mbwa wako akimpenda jirani, mwache ampende. Afadhali mbwa wa nyumba mbili kuliko upweke huu wangu. Na ukiulizwa ulichokosa, sema siku hiyo hiyo!

Mama Wambui, kama kuna mtu atakusomea gazeti hili, hukukosa lolote. Chakula chako kilikuwa kizuri, na Popi alikitaka. Ni mimi niliyemkataza.