Mlango Uliotazama Migomba

Mama yangu alizungushiwa ukuta wa mawe akiwa ndani ya nyumba yake, na mimi nilitia sahihi.

Ngoja nieleze kabla hujaniona mwendawazimu. Nyumbani kwetu, juu kidogo ya Nyaramba, mama alikuwa na nyumba ya udongo aliyojengewa na baba walipooana. Ndugu yangu mkubwa, anayefanya kazi Mombasa, alitaka ajengewe ya mawe. Mama alikubali kwa sharti moja tu, kwamba nyumba isihame pale ilipo. Baba alizikwa kando yake, mkono wa kulia unapotoka mlangoni, kwa sababu kwetu mwanamume hulazwa kulia na mkewe kushoto. Pale kushoto mama alikuwa amepatunza tangu baba aondoke. Hapandi mboga, hafungi ng'ombe, na kuku wakipachimba hufukuzwa kwa matusi. Palikuwa mahali pake.

Kwa hiyo tuliamua kuta za mawe zipande nje ya zile za udongo, mama akiendelea kulala kitandani kwake, mpaka wakati wa kuezeka ndipo ile ya udongo ibomolewe. Majirani walisema hawajawahi kuona jambo kama hilo. Mimi niliona tumetumia akili sana.

Nina duka la vifaa vya umeme Keumbu, na wateja wangu wengi hufika dukani wakiwa wameshalizwa na mafundi. Mtu anaahidiwa vyumba vitatu, akirudi anakuta viwili na kibaraza. Nikasema kwetu hakuna mambo ya mdomo. Tulikwenda kwa wakili mjini Kisii, mimi na fundi tuliyempa kazi, na ndugu yangu akatumiwa nakala yake akaisaini huko aliko. Mkataba ule ulikuwa mtamu kusoma. Ulitaja mawe ya kukatwa, ulitaja kwamba nyundo isisikike siku ya Sabato, na ulikuwa na kifungu nilichokipenda kuliko vyote: hakuna kitakachobadilishwa kwenye ramani bila sahihi zetu wote watatu. Fundi naye alikipenda. Alisema wenye nyumba ndio wasumbufu zaidi, leo wanataka dirisha hapa, kesho wanalitaka kule. Tulipeana mikono tukicheka, kila mmoja akijua amemweza mwenzake.

Ramani yenyewe ilichorwa mjini na mtu ambaye hajawahi kukanyaga kwetu. Tuliikagua sana. Tulibishana kuhusu choo cha ndani, tukabishana kuhusu ukubwa wa jiko. Mlango ulichorwa ukitazama barabara, na hakuna aliyeshtuka. Barabara ina lami sasa, nyumba zote mpya zinaitazama. Mlango wa mama ulitazama upande wa pili, chini, kwenye migomba.

Mama hakuonyeshwa ramani. Hajui kusoma, tukasema ya nini kumchosha.

Ukuta ulipokuwa wa kozi mbili tatu za mawe, alikuwa akiuvuka asubuhi kwenda kukamua ng'ombe, akidhani pale mbele ya mlango wake pataachwa nafasi. Siku moja nilikuwa nimelala nyumbani, nikasikia akiniita. Nilimkuta amesimama kati ya nyumba yake ya udongo na ule ukuta mpya, mahali ambapo mtu hupita kwa ubavu. Ukuta ulikuwa umemfika kifuani. Alikuwa ameweka viganja vyote viwili juu ya mawe.

"Mlango uko wapi?" aliniuliza.

Nilimwambia uko upande ule mwingine, wa barabara, mzuri, mpana, wa chuma.

Aligeuka akaupa ukuta mgongo. Kisha akasimama sawasawa, kama mtu anayetoka kwa mlango huo wa barabara, akaunyoosha mkono wa kushoto. Ulielekea kwenye kaburi la baba.

"Baba yako mmemgeuza mke," alisema. "Na mimi mnanipeleka wapi? Kulia, nikalale kama mwanamume?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, kwa sababu jambo lile mtoto yeyote wa kwetu angeliona, na sisi watu wazima wawili tulikuwa tumelipita tukibishana kuhusu choo.

Nilimpigia ndugu yangu. Nilidhani ni suala la dakika moja.

"Nyumba ya mawe itazame migomba?" alisema. "Watu wapite barabarani waone mgongo wake?"

"Na kaburi la mzee?"

"Kaburi limehama? Si liko palepale? Siku hizi nani anapima kulia na kushoto? Mimi sisaini kitu."

Nikamgeukia fundi. Nilimwomba aache tu nafasi ya mlango pale mbele ya mama. Mtu huyo, ambaye nilikuwa nimemchagua kwa sababu ya ubishi wake, aliweka pimamaji chini akanitazama.

"Bosi, wewe ndiye ulitaka maandishi. Nikiacha mlango hapa, ndugu yako atasema nimeharibu ramani, nitajenga tena kwa mfuko wangu. Hiyo kitu uliandika wewe. Niletee sahihi yake, nitafungua hata leo."

Nilimfokea. Nilimwita mkaidi, nikamwita na majina mengine ambayo sitayaandika. Alinisikiliza mpaka nikachoka, akachukua mwiko wake. Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Ukuta ukaendelea. Mama akawa anakaa ndani taa ikiwaka mchana. Kutoka nje ilimbidi apite ubavuubavu katikati ya udongo na mawe, azunguke nyumba nzima, atokee upande wa barabara, kisha arudi tena mpaka nyuma kwa ng'ombe wake. Sabato kazi ikisimama, nilikuwa nikimsikia huko ndani akijikwaruza ukutani, na nilitamani nyundo zianze tena nisimsikie. Nilianza kupata sababu za kulala Keumbu. Mara mzigo umechelewa, mara ni hesabu za duka.

Ulipofika wakati wa kuezeka, mama alihamia kwenye jiko la nje kwa muda, na nyumba ya udongo ikavunjwa ikatolewa kwa karai kupitia mlango wa chuma.

Siku ya kukabidhiwa ufunguo, fundi alinivuta nyuma ya nyumba, upande wa migomba. Akaweka kiganja ukutani.

"Kutoka hapa mpaka hapa, mawe nimeshika na udongo. Saruji hakuna, ni plasta tu juu. Linta nimeweka juu kama ya mlango, ukuta hautaanguka. Ramani inasema ukuta, na ukuta uko. Siku ya mama ikifika, gonga hapa, atoke kwa mlango wake."

Aliondoka kabla sijajua kama nimshukuru.

Mkataba uliisha siku ile. Hakuna wakili anayeweza kunishika sasa. Amebaki ndugu yangu tu, ambaye alisema nikigusa ukuta wake hatakanyaga tena nyumbani, wala kwenye mazishi. Nilijiambia basi tutangoja, na siku hiyo ikifika huzuni itatufanya tuelewane. Siri ile sikumwambia mtu.

Wageni wakija, mama huwakaribisha sebuleni kwa adabu, anawapa chai. Wakiondoka hubeba kiti chake mpaka nyuma, anakiegemeza pale pale ulipokuwa mlango wake, anaketi akitazama migomba. Baba yuko kulia kwake, na mahali pake penye nyasi pako kushoto.

Juzi nilimkuta hapo, nikamwambia aingie ndani, kuna baridi.

"Niko mlangoni kwangu," alisema, akaugonga ukuta kwa kiwiko bila kugeuka. "Huku hakuna saruji."

Nilishtuka. "Nani amekuambia?"

"Si nilikuwa ndani akijenga? Mimi nimekandika udongo tangu niolewe, nitakosa kuusikia?" Akanitazama sasa, bila hasira yoyote. "Kwa hiyo nawe unajua. Unangoja nife ndipo unifungulie?"

Nyundo ninazo. Ninauza nyundo. Nilisimama pale nikamwambia mama yangu kwamba ndugu yangu bado hajatia sahihi.