Kumwita Aliye Nyuma ya Mkokoteni

Ipo asubuhi moja ya soko la Kongowea, Mombasa, ninayoikumbuka kila ninapoanza kuomba, mwanangu. Nataka kukusimulia, kwa sababu juzi uliniambia kuwa tangu uanze kazi ya duka huna tena nafasi ya Mungu mpaka Jumapili. Ulisema huku ukitazama viatu vyako. Usione aibu. Mimi pia nilikuwa mtu wa Jumapili, na sikuwa na ujasiri wa kumwambia yeyote.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilitoka Rabai kwa mama, nikapanga chumba Kisauni, na kazi niliyoipata ilikuwa ya uhamali pale sokoni. Malori yakifika kutoka bara na viazi na kabichi, sisi tulipakia mikokoteni na kuwapelekea wenye mali. Mkokoteni wenye magunia manane si wa mtu mmoja. Mmoja husimama mbele, kati ya ile mikono miwili ya mbao, akavuta. Mwingine hukaa nyuma akasukuma. Kwenye mteremko kazi hugeuka: wa mbele huinua mikono juu ili mkia wa mkokoteni, uliofungwa kipande cha tairi kuukuu, uguse chini, na wa nyuma huukanyaga mkia huo kwa uzito wake wote. Hiyo ndiyo breki. Haina nyingine.

Sasa, wa mbele hamwoni wa nyuma. Magunia yamepandana katikati yao kama ukuta. Kwa hiyo huita. Kila baada ya hatua kadhaa unasema, "Upo?" naye anajibu, "Nipo." Nilifundishwa hivyo siku ya kwanza, hata kabla ya kufundishwa kufunga kamba.

Aliyenifundisha, na ambaye ndiye aliyekuwa wangu wa nyuma, ni Mzee Kalama. Alikuwa Mgiriama mwembamba aliyekwisha vuka miaka hamsini, na tulisali kanisa moja. Tukiwa njiani nilikuwa nikimsikia akinong'ona huko nyuma. "Bwana, jua hili." Kisha kimya. "Asante kwa kivuli." Kimya tena. "Mkumbuke yule mama aliyefiwa." Nilidhani ni uzee tu umeanza kumwingia.

Wenzangu walinitania kwa vile nilivyokuwa nikiita. Aliyezidi ni Nyundo, hamali wa rika langu. Siku moja tukinywa uji aliniambia mbele ya watu, "Charo, wewe waogopa giza mchana? Kila hatua mbili, upo, upo. Huyo mzee ni mama yako?"

Mzee Kalama akajibu yeye. "Mwache. Mama yake yuko Rabai, mimi namshikia nafasi."

Watu wakacheka mpaka uji ukawamwagikia. Mimi sikucheka. Nililala na kicheko kile, nikaamka nacho.

Asubuhi iliyofuata tulipakia magunia manane ya viazi tuyapeleke upande wa daraja la Nyali, kwa Bi Zuhura, aliyekuwa akiuza viazi karai, vile vya kukaangwa na unga. Nikaamua moyoni kwamba leo siiti. Sikumwambia mzee. Nilinyamaza tu, nikavuta. Tulipokwenda kitambo, yeye mwenyewe akaita, "Upo?" Sikujibu. Akaita tena kwa upole, "Charo, wanisikia?" Nikavuta kwa kasi zaidi. Karibu na mteremko nikamsikia akisema jambo refu kidogo. Niliisikia sauti, maneno sikutaka kuyasikiliza.

Barabara ikaanza kushuka. Kule chini, pembeni, walikuwa wameketi kina mama watatu wakiuza machungwa, migongo yao imetuelekea. Nikainua mikono ya mkokoteni, nikangoja ule mkwaruzo mzito wa tairi ninaoujua. Ukaja mkwaruzo mwepesi, kisha mzigo ukanisukuma. Nikajikaza. Ukanisukuma tena. Nyayo zangu zikaanza kuteleza.

"Mzee, kanyaga," nikaita. Kimya. Nikaita mara ya pili. Kimya. Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuwepo, na kwamba sikujua tangu lini.

Kina mama wale hawakuwa wamegeuka. Mmoja alijifunga leso ya kijani, na ndani ya leso alilala mtoto mchanga. Bado naiona leso ile. Nikapiga kelele ambayo sikuipanga: "Mungu wangu, niko peke yangu. Mzee Kalama!"

Nikasikia miguu mitupu ikipiga lami kwa mbio. Mkia ukashuka kwa kishindo, tairi likalia, mkokoteni ukapungua mwendo, ukasimama. Kati yangu na leso ile ya kijani ilibaki nafasi ya kutandika mkeka mmoja. Yule mama akageuka, akanitazama toka juu hadi chini.

"We kijana," akasema, "wataka machungwa au wataka roho yangu?"

Nilizunguka nyuma. Mzee Kalama alikuwa ameketi juu ya mkia, ukucha wa kidole gumba cha mguu umeng'oka, damu inatiririka. Kule juu ndara yake ilikatika, akaniomba nisimame kidogo. Hayo ndiyo yale maneno ambayo sikuyasikiliza. Nilichuchumaa nikamshika mguu, nikasema, "Nisamehe, mzee."

Alihema kwanza, akatulia. "Umeniita, nimekuja," akasema. "Ungeniita mapema ningekuja na ndara zangu."

Nilianza kucheka, nikajikuta nalia. Aliniacha nilie. Nikamfunga kidole kwa kitambaa, na nilipomaliza akaniuliza, "Na yule mwingine, nimesikia umemwita pia. Mwazungumza naye?"

"Jumapili nilikuwa kanisani."

"Jumapili uliimba, nilikuona. Mimi nauliza kuzungumza."

Nikamwambia ukweli. Rabai nilikuwa nikiomba na mama kila asubuhi kabla ya kwenda shambani. Lakini hapa sokoni, na jasho hili, na matusi haya tunayotupiana, ningemtaja Mungu vipi? Nilikuwa nangoja nioge, nivae suruali ya Jumapili, ndipo nimwendee.

"Kwani amjua Charo, au aijua hiyo suruali?" akaniuliza. Kisha akaniambia jambo ambalo nimelibeba mpaka leo. "Mimi nikikatikiwa na ndara naachwa nyuma. Yeye haachwi. Usidhani ukinyamaza yeye huondoka. Ukinyamaza, wewe ndiye utakayesahau kuwa yupo. Utavuta kama mtu asiye na mwenzake, na mteremko ukija, hutajua pa kuitia."

Ukucha ule haukuota vizuri tena. Kwa majuma matatu, mzee akiuguza mguu, nilivuta na wengine, Nyundo akiwa mmoja wao. Nilipomwita "Upo?" mara ya kwanza, alicheka, hakujibu. Tulipofika mteremkoni alijibu.

Katika majuma hayo nikajaribu ile sala ya Mzee Kalama. Ya kwanza ilikuwa, "Bwana, gunia hili ni zito." Nilijiona mpumbavu. Nikatazama kushoto na kulia kama mwizi. Lakini niliisema tena kesho yake, na kesho kutwa, na polepole nikaanza kuona mambo ambayo sikuyaona: mtu aliyenipisha njia, maji baridi niliyopewa bila kuomba, hasira yangu mwenyewe ikipanda kabla haijafika mdomoni. Sikugeuka malaika. Nilikuwa hamali yuleyule, ila sikuwa navuta peke yangu tena.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshahamia hapa Magongo, nilikwenda kumwona Mzee Kalama nyumbani kwake Kisauni. Alikuwa kitandani, macho hayaoni tena, maneno yamebaki machache. Nilikaa karibu naye. Baada ya muda akafungua mdomo, akasema kwa sauti ile ile ya nyuma ya magunia, "Upo?"

Nikamshika mkono haraka. "Nipo, mzee. Ni mimi, Charo."

Akatabasamu, akatikisa kichwa taratibu. "Najua upo, mwanangu. Lakini sikukuuliza wewe."

Akalala usingizi, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Sikuona hofu usoni mwake. Alikuwa ameshajibiwa.

Kwa hiyo, mwanangu, sikuambii uache kazi uende mlimani kuomba siku saba. Nakuambia uite. Ukifungua duka, ita. Ukiwa kwenye foleni ya feri na kichwa kinakuuma, ita. Mteja akikutukana, ita kabla hujamjibu. Hata ukiwa umekosea na huna uso wa kumtazama Mungu, hapo ndipo uite zaidi, maana hakungoji uoge. Maneno mawili yanatosha. Usiku ukiwa umechoka mno, neno moja litatosha. Nenda kanisani, ndiyo, soma Neno, imba na wenzako. Lakini usifanye Jumapili kuwa siku ya kumsalimu mgeni. Na zikipita siku umenyamaza, usianze kuhesabu ni ngapi. Anza tu tena pale ulipo, na mzigo ulio nao.

Mungu aliyenisikia nikiteleza akusikie nawe ukiwa bado wima. Akupe njia yenye kivuli, na pale pasipo kivuli akupe mwenza. Kila utakapomwita kazini, njiani au kitandani, moyo wako ulisikie jibu lake, uendelee kuvuta kwa amani. Amina.