Mstari Alioruka Mchungaji

Mama yangu, Gjertrud, alikausha chewa hapa kwetu Lofoten, visiwa vya Norwe, maisha yake yote, na siku za mvua aliandika. Waliomdharau walimwita mnuka samaki. Kitabu chake kilipotoka, hakikuwa na jina la mwandishi. Jumapili moja, nje ya kanisa, mchungaji akatusomea ukurasa wake mmoja, unaoeleza ukaushaji wa chewa.

“Bwana huyu wa mjini ana kipaji,” akasema.

Mzee Tollef akaangua kicheko. “Wa mjini wapi, Mchungaji! Angejuaje kwamba chewa hukatwa vichwa, kisha hufungwa mikia wawili wawili? Wa mjini angewatundika wakiwa bado na vichwa vyao!”

“Basi ni nani?”

Mama akasogea mbele.

“Umeruka mstari mmoja, Mchungaji. Tena ule mzuri kuliko yote. Hebu rudia.”

Mchungaji akarudia, safari hii kofia ikiwa mkononi.