Mguu wa Nakiete na Kamera Iliyoinama

Siku ile naikumbuka hadi leo, mwanangu, ingawa mvi zimeshanijaa. Wazazi wetu walikuwa wametangulia, nami niliacha shule darasa la tano ili niwalee wadogo zangu kule Ugweno. Mmoja wao, Nakiete, akaota uvimbe chini ya goti. Tukashuka milima, tukapita Same, hadi hospitali kubwa ya mjini.

Alidungwa dawa yenye mionzi hafifu, ile inayojikusanya penye ugonjwa mfupani. Kamera ikamzunguka polepole, na kompyuta ikaunganisha picha zote kuwa moja. Doa la ugonjwa lilikuwa limepanda hadi gotini. Daktari akasema, kama ndivyo, mguu utakatwa juu ya goti.

Lakini mpiga picha, mzee mwenyeji wa Bombo, upande wa Same, akakataa kuitoa picha ile. Akasema turudi kesho, kwanza aipime kamera. Nikachemka, mwenye kuuguliwa hana subira.

“Shikamoo, mzee. Mashine imeshaona, unataka ione nini tena?”

“Marahaba. Ninyi Wagweno mna mbio kama maji ya mfereji! Hebu niambie, binti, kwenu mpaka wa shamba huamuliwaje?”

“Wazee wanalizunguka shamba wakifuata masale, ile mimea ya mpakani, kila mmoja anasema anachokiona.”

“Na asiposema amesimama wapi?”

“Hapo mpaka unahama. Watu watashikana mashati.”

“Basi na kamera yangu inazunguka. Naona mkono wake umelegea, inainama, na kompyuta inadhani imesimama wima. Sitaki kuhamisha mpaka kwenye mguu wa mtoto.”

Tukarudi kesho yake kwa mzee yule. Akaweka mezani kichupa chenye tone la dawa, akaizungusha kamera. Tone likaonekana kama pete, badala ya nukta! Kwa kuipima pete ile alijua kamera imeinama kiasi gani, akaiambia kompyuta, na picha ya Nakiete ikaunganishwa upya. Doa likajikusanya, likaishia chini ya goti. Kilichokatwa ni kipande cha mfupa tu. Siku hizi Nakiete hupanda miteremko ya Kighare na ndoo kichwani, akinicheka ninavyohema nyuma yake.

Mwanangu, kuona si kujua. Ukiletewa habari ya ndugu yako, au hata ukiiona kwa macho yako, usikimbilie kukata. Jiulize umesimama wapi, na umeinamia upande gani. Na ukimkuta mtu anaipima kazi yake upya huku wote wanamkemea, mwache apime. Mwenda pole hajikwai.

Mungu azinyooshe hatua zako, akupe ndugu wa kuwalea na moyo wa kuwangoja.