Gauni la Mama kwa Fundi wa Ilomba

Shangazi aliteremka kwenye basi la Iringa akiwa amekumbatia mfuko kama mtoto mchanga. Kondakta alitaka kuuweka kwenye buti, akakataa. Abiria wa siti za jirani walivumilia harufu ya dawa ya nondo mpaka Mbeya.

Ndani ya mfuko kulikuwa na gauni la harusi la marehemu mama yetu. Shangazi, dada yake baba, alilitunza kwenye sanduku la bati tangu mama alipofariki. Kila Desemba alilitoa, akalianika kivulini, akalirudisha. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa kabla ya kunawa mikono. Sasa mdogo wangu alikuwa anaolewa Jumamosi na hakutaka gauni jingine lolote. Tatizo ni kwamba mama alikuwa mwembamba, na mdogo wangu amejaaliwa.

“Avae lilivyo,” shangazi alisema hata kabla ya chai. “Likikataa, linarudi sandukuni. Wifi yangu alilivaa vilevile lilivyotoka dukani. Mkasi haujaligusa na hautaligusa.”

Tukaenda kwa fundi, mama mmoja wa Ilomba, hapahapa Mbeya, anayeshonea kibarazani kwake. Mdogo wangu akaingia chumbani kulijaribu, fundi akimsaidia. Zipu ilipanda mpaka kiunoni, ikagoma.

“Vuta pumzi,” tulimsikia fundi.

“Nimeivuta yote, dada. Imebaki roho.”

Nikacheka peke yangu. Mdogo wangu alitoka akiwa amevaa nguo zake, macho mekundu, akamkabidhi shangazi gauni. Shangazi alilipokea bila kumtazama usoni. Alikuwa ameshinda, lakini hakuonekana mtu aliyeshinda.

“Mama, naomba niangalie ndani tu,” fundi akasema. “Sikati kitu.”

“Umenawa?”

“Nimenawa.”

Fundi akaligeuza. Kutoka kwapani mpaka nyongani, pande zote mbili, kulikuwa na kitambaa kingi kilichokunjwa na kushikizwa kwa mkono. Uzi wenyewe ulikuwa wa bluu.

“Aliyepunguza hapa,” fundi akauliza, “alikuwa na haraka au alikuwa gizani?”

Shangazi akavaa miwani, akasogeza gauni kwenye mwanga. Akaupapasa mshono kwa kidole. Kisha mabega yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akakaa mkekani.

“Huo mshono ni wangu!”

Ndipo akatusimulia. Wiki ya harusi mama alishikwa na malaria, akapungua, gauni likawa linamning’inia. Miaka ile uzi mweupe ulikuwa umeadimika madukani Iringa, basi shangazi akachukua uzi wa kushonea sketi zake za shule. Hakumwambia mtu mwingine, ukweni kwa mama wasije wakasema bibi harusi kavalishwa nguo ya viraka.

“Nimewaficha watu mpaka nikajificha mwenyewe,” alisema, akijifuta machozi.

“Kumbe mharibifu ni wewe, shangazi,” mdogo wangu akamchokoza.

“Nyamaza, mnene wewe! Bila mimi mama yako angeingia kanisani ameshikilia gauni kwa mikono miwili.”

Akaomba wembe. Fundi alitaka kufumua yeye, shangazi akamkatalia. Alikata nyuzi taratibu, akitueleza jinsi mama alivyokuwa akitetemeka kwa homa huku akimhimiza ashone upesi. Kitambaa kilichokuwa kimefichwa kilikuwa cheupe kuliko gauni lenyewe, na fundi akatutahadharisha kwamba pembeni patabaki mistari.

“Ionekane,” shangazi akajibu. “Atakayeuliza, nitamwambia.”

Cherehani ilipomaliza kazi, mdogo wangu akavaa tena. Zipu ikapanda mpaka juu. Akainama, akakaa, akasimama, akajaribu hatua za dansi ya kwaito katikati ya kibaraza. Shangazi akapiga vigelegele hadi majirani wakatoka kutazama.

“Haya, vua sasa, utalichafua kabla ya Jumamosi.”

“Kidogo tu, shangazi.”

“Kidogo gani? Vua!” alisema, huku akimpigia makofi ili aendelee kucheza.